Farasi juu ya reli vitani: kwa nini mnyama, na kwa nini chuma?

Swali la msomaji: "Nafundisha historia sekondari. Nina picha ya Vita Kuu ya Kwanza inayoonyesha farasi wawili, mmoja mbele ya mwenzake, wanatembea kando ya reli nyembamba na kuvuta vibehewa viwili vya mizigo. Pembeni ni matope matupu. Wanafunzi wameniuliza mambo mawili nikakosa jibu. Ikiwa reli ipo, kwa nini wasitumie injini? Na ikiwa farasi wapo, kwa nini wahangaike kutandika reli? La tatu ni langu mwenyewe: huku kwetu Afrika Mashariki ziliwahi kuwepo?"

Mwalimu, nitaanza na swali la pili, kwa sababu ukishalielewa hilo, la kwanza linajijibu lenyewe kwa sehemu kubwa.

Nilipoingia kazi ya reli nikiwa kijana, niliwekwa kwenye gengi la matengenezo ya njia. Tulikuwa na toroli ya ukaguzi: jukwaa la mbao, magurudumu manne ya chuma, na breki ya mkono. Watu wawili walitosha kuisukuma huku mkaguzi amekaa juu na zana zetu zote zimepangwa miguuni pake. Walikuwa wanakimbia nayo wakipiga soga. Siku moja ilibidi tuitoe relini tuipitishe juu ya kokoto, mita thelathini hivi, kuipisha treni. Tulikuwa watu sita, na tulifika tukihema. Toroli ile ile, mzigo ule ule. Kilichobadilika ni kitu kilichokuwa chini ya magurudumu.

Sasa tuweke namba, maana wanafunzi watazitaka. Chukua tani moja, gari na mzigo wake pamoja. Kwenye barabara ya kokoto iliyoshindiliwa vizuri, kuisogeza polepole kunahitaji nguvu ya kilo 25 hadi 30, yaani ni kama umefunga kamba kwenye gari, ukaipitisha juu ya kapi, ukaning'iniza uzito huo upande wa pili. Kwenye matope mazito nguvu hiyo inapanda hadi kilo 150, pengine 200, na magurudumu yakizama hadi ekseli hesabu inaishia hapo. Kwenye reli nyepesi, hata iliyotandikwa haraka haraka shambani, kilo 10 zinatosha. Kwenye njia kuu iliyotunzwa vizuri zinashuka hadi 4 au 5.

Farasi wa kazi mwenye kilo 600 anaweza kuvuta siku nzima kwa nguvu ya karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yaani kilo 60. Akijikaza anavuta zaidi, lakini kwa dakika chache tu. Gawanyeni ubaoni. Kwenye matope farasi huyo anavuta chini ya nusu tani, na humo gari lenyewe limeshakula sehemu yake. Kwenye barabara nzuri anavuta tani 2. Kwenye reli tambarare anavuta tani 6. Hajanenepa wala hajafundishwa upya.

Tofauti hiyo ingekuwa faida ya kawaida tu kwa mfanyabiashara. Kwa jeshi ilikuwa suala la kufa na kupona, kwa sababu ya jambo moja ambalo vitabu vya shule hulipita haraka: farasi anakula. Farasi wa jeshi alihitaji kilo 10 hivi za shayiri na majani makavu kila siku, afanye kazi asifanye. Tuseme kuna kambi kilomita 12 kutoka bandarini, inayohitaji tani 60 za vitu kila siku, na njia ni matope. Kila farasi akifikisha robo tani kwa siku, unahitaji farasi 240. Hao wanakula tani 2.4 kila siku, na chakula hicho nacho lazima kivutwe na farasi kupitia matope yale yale. Ongeza farasi wa kubeba chakula cha farasi, kisha farasi wa kubeba chakula cha hao. Umbali ukirefuka au mvua ikiongezeka, inafika mahali msafara mzima unajibeba wenyewe na haumfikishii askari chochote. Weka reli: farasi mmoja anafikisha tani 4 za mzigo halisi, unahitaji 15, wanakula kilo 150. Hata ukizidisha mara tatu kwa ajili ya wagonjwa na wa akiba, bado umeshinda.

Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walisafirisha kwenda Ufaransa zaidi ya tani milioni 5 za chakula cha wanyama. Kwa uzito kilizidi hata makombora na risasi walizopeleka. Ukilijua hilo, unaelewa kwa nini ofisa wa ugavi aliyeona kipande cha reli alikuwa tayari kukigombania.

Mfano ninaoupenda zaidi wa jambo hili ni wa miaka sitini kabla ya picha yako. Ni wa Crimea, rasi ya Bahari Nyeusi iliyokuwa chini ya Urusi, na ninakuomba uwasimulie wanafunzi kwa urefu, kwa sababu unaonyesha hesabu ile ikiua watu kisha ikiwaokoa.

Mwaka 1854 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yaliuzingira mji wa Sevastopol, ngome ya majini ya Urusi. Bandari ya Waingereza ilikuwa Balaklava, hori jembamba lililobanwa na milima. Kambi zao zilikuwa juu kwenye uwanda, kama kilomita 12 kutoka hapo. Palikuwa na barabara moja ya maana, ile ya Vorontsov, lakini baada ya mapigano ya Balaklava ya Oktoba 25 Waingereza walipoteza udhibiti wake. Wakabaki na njia ya udongo. Novemba 14 ikaja dhoruba iliyozamisha meli nje ya bandari, mojawapo ikiwa imejaa nguo za majira ya baridi. Kisha mvua, kisha theluji, na njia ile ikawa uji.

Linaloniuma kila nikisoma habari hizo ni kwamba vitu vilikuwepo. Kwenye gati la Balaklava kulikuwa na chakula na mbao za kujengea vibanda, na majani ya farasi yalikuwa ndani ya meli. Kilomita 12 juu yake askari walikuwa wanakufa kwa baridi, kipindupindu na kuhara. Farasi waliopaswa kuyapandisha majani ndio waliokuwa wakifa kwa kukosa majani hayo. Farasi wa vikosi vya wapanda farasi walitafunana mikia na manyoya ya shingo kwa njaa. Waliobaki hai wakageuzwa wabeba mizigo, wakiburuta biskuti kupanda mlima hadi wakaanguka. Mara nyingi askari waliteremka wenyewe hadi bandarini, wakapanda na mzigo mgongoni, kisha wakaingia zamu kwenye mahandaki usiku huo huo.

Habari hizo zilipofika London kwa barua za mwandishi wa gazeti la The Times, William Howard Russell, wananchi walikasirika kweli. Wakandarasi watatu wa reli, Samuel Morton Peto, Edward Betts na Thomas Brassey, wakajitolea kuijengea serikali reli kwa gharama halisi, bila faida. Mhandisi wao mkuu alikuwa James Beatty. Vibarua, reli, mataruma (vile vipande vinavyolazwa chini ya reli kuishikilia) na zana vilipakiwa melini, na mwanzoni mwa Februari 1855 kundi la kwanza likashuka Balaklava. Kabla Februari haijaisha reli ilikuwa imeanzia kwenye barabara kuu ya mji, pale pale gatini, na kufika kijiji cha Kadikoi. Mwishoni mwa Machi ilikuwa imefika juu ya uwanda. Wiki saba tu, katikati ya baridi, na adui yuko karibu.

Na iliendeshwa namna gani? Kwa farasi, kwa sehemu kubwa. Kutoka bandarini hadi Kadikoi njia ilikuwa karibu tambarare, farasi wakavuta. Baada ya hapo mlima ulikuwa mkali mno, na hapa ndipo namba zangu za awali zinahitaji kurekebishwa. Reli inaondoa ukinzani wa ardhi, lakini haiondoi mlima. Kila mwinuko wa mita 1 kwa mita 50 unaongeza kilo 20 za nguvu kwa kila tani. Yule farasi wa tani 6 anashuka hadi tani 2, hata kama reli yenyewe ni nzuri. Hivyo kwenye mlima wakafunga injini ya mvuke iliyosimama mahali pamoja na kuyavuta mabehewa kwa kamba ya chuma. Juu, farasi wakapokea tena. Wakati wa kurudi mabehewa yaliachiwa yateremke kwa uzito wake, na mtu wa breki juu yake. Mapema Aprili breki zilishindwa kwenye mteremko huo. Mabehewa yaliyobeba askari wa kikosi cha 71 cha Waskoti yakakimbia, kukawa na kifo na majeruhi. Reli ya farasi nayo ilikuwa na hatari yake, na mara nyingi hatari ilikuwa upande wa kushuka.

Aprili 2 wagonjwa waliteremshwa kwa mabehewa hayo hadi bandarini. Wengi wanaihesabu safari hiyo kuwa ya kwanza ya treni ya hospitali duniani. Aprili 9 mizinga ilianza tena kuupiga mji, ikilishwa na makombora yaliyopanda kwa reli. Injini za kukimbia juu ya reli, zile ambazo wanafunzi wako wanazifikiria, zilikuja kuanza kazi mwishoni mwa mwaka, Sevastopol ikiwa imeshaanguka Septemba. Wakati wa shida kubwa kazi ilifanywa na farasi, kamba na mteremko.

Reli ya Crimea ilikuwa ya upana kamili, milimita 1435, sawa na SGR za Kenya na Tanzania leo. Ile ya kwenye picha yako ni kitu kingine. Ni reli ya upana wa sentimita 60, zaidi kidogo ya nusu ya TAZARA, ambayo ni milimita 1067. Chimbuko lake ni shambani. Katika miaka ya 1870 Mfaransa Paul Decauville, mkulima na mwenye kiwanda huko Petit-Bourg, kusini mwa Paris, alikuwa na viazisukari vilivyokwama kwenye shamba lililolowa. Akatengeneza reli iliyokwisha kuunganishwa na mataruma yake ya chuma, vipande vipande kama ngazi. Unakiweka chini, unakifuatisha na kingine, unapita. Kazi ikiisha unaking'oa na kukipeleka kwingine. Kapteni mmoja wa mizinga, Prosper Péchot, aliona mara moja kwamba hicho ndicho jeshi linachokihitaji kuzunguka ngome za mashariki mwa Ufaransa kama Toul na Verdun. Mwaka 1888 jeshi la Ufaransa likaupokea mfumo wake: upana wa sentimita 60, vipande vya mita 5, reli ya kilo 9.5 kwa mita. Kipande kimoja kilibebwa na watu wanne bila mashine yoyote. Wajerumani nao wakachukua upana huo huo wa 60. Austria-Hungaria ilikuwa na reli za vita za sentimita 70 zilizokusudiwa farasi tangu mwanzo, na Warusi walizitumia sana za milimita 750, nazo zikivutwa na farasi. Kabla ya hapo, katika vita vya Urusi na Japani vya 1904 na 1905 huko Manchuria, Warusi walitumia farasi na Wajapani walisukuma kwa mikono.

Sasa swali la kwanza. Kwa nini wasitumie injini?

Walizitumia, na kwa wingi. Wajerumani walitengeneza zaidi ya 2,500 za aina moja tu, ile ya magurudumu manane waliyoiita Brigadelok. Waingereza, walioingia kwenye jambo hili wakiwa wamechelewa kwa sababu waliamini malori yangetosha, walijifunza kwenye matope ya mapigano ya Somme, Ufaransa, mwaka 1916. Wakamkabidhi Eric Geddes, mtu wa reli asiye mwanajeshi, usafiri wao wote wa Ufaransa. Moja ya matokeo ni injini 495 zilizoagizwa kutoka kiwanda cha Baldwin cha Marekani. Kwa hiyo picha yako haionyeshi jeshi lisilo na injini. Inaonyesha mahali ambapo injini haifiki.

Fikiria mzigo mmoja, tuseme sanduku la makombora, kutoka bandarini hadi kwenye mzinga. Unakuja kwa treni kubwa hadi stesheni ya nyuma, mbali na mizinga mingi ya adui. Unahamishiwa kwenye reli ya sentimita 60, na injini ndogo ya mvuke inauchukua kilomita kadhaa. Halafu panafika mahali adui anaona. Moshi wa mchana unamwonyesha pa kulenga, na usiku mlango wa tanuri ukifunguliwa kutupia makaa, mwanga unapiga juu ya mvuke na kuonekana mbali sana. Hapo inapokea injini ndogo ya petroli, maarufu kwa jina la Simplex, ya nguvu za farasi 20 au 40. Halafu panafika mahali ambapo hata hiyo haifai. Reli ni nyembamba zaidi, imelazwa juu ya ardhi iliyochimbuliwa na makombora, inainama kila ikikanyagwa. Brigadelok ikiwa na maji na makaa ina tani 12 hivi. Ukiipitisha hapo unaipoteza, na ikianguka ubavuni inaziba njia usiku kucha. Kibehewa kikianguka, watu wanne na gogo la kunyanyulia wanakirudisha kwa dakika chache. Nimerudisha toroli relini kwa namna hiyo mara nyingi.

Mahali hapo ndipo farasi wako wanapoanza kazi, au nyumbu. Namaanisha nyumbu mtoto wa punda na farasi, sio yule wa Serengeti. Nyumbu alipendwa zaidi mbele kabisa, kwa sababu anavumilia njaa na anakanyaga kwa uangalifu. Mnyama hatoi moshi wala hahitaji mnara wa maji. Kipande cha reli kikivunjwa na kombora anazunguka shimo kwa miguu yake, na kibehewa kinanyanyuliwa na kupitishwa. Na alikuwepo tayari. Kila kikosi cha mizinga kilikuwa na wanyama wake, na watu wake waliwajua kwa majina. Mbele ya hapo, mita mia chache za mwisho, watu walisukuma wenyewe. Huko Vimy, kaskazini mwa Ufaransa, mwaka 1917 Wakanada walikuwa na mtandao mzima wa vijireli hivyo nyuma ya mahandaki, vikisukumwa na watu na kuvutwa na nyumbu. Vilipandisha makombora na maji, vikarudi na majeruhi. Kwa majeruhi hiyo ilikuwa tofauti kubwa kupita kiasi. Machela kwenye matope ilihitaji watu wanne, wakati mwingine sita au wanane, kwa saa kadhaa. Kibehewa kilichukua machela kadhaa kwa mkupuo, na hakikumtingisha mtu aliyevunjika mguu kama mabega ya watu wanaoteleza.

Tazama tena walivyofungwa farasi kwenye picha, maana kuna ufundi hapo. Umesema wanatembea kando ya reli, mmoja mbele ya mwenzake. Hawakufungwa kwa mti wa katikati kama kwenye gari la kawaida. Wanavuta kwa mnyororo au kamba ndefu iliyofungwa kwenye pembe ya kibehewa. Sababu ni mataruma. Farasi akitembea katikati ya reli ya sentimita 60 anakanyaga chuma kila hatua, kwato zinateleza, na akiingiza mguu chini ya taruma lililoinuka anavunjika. Palipokuwa na muda, walijaza udongo au mbao katikati ya reli ili apite humo. Pasipokuwa na muda alipita kando. Lakini kuvuta kwa kando kunabana ukingo wa gurudumu kwenye reli, na kibehewa kinakuwa kizito. Ndiyo maana kamba inarefushwa: ikiwa ndefu, anavuta karibu mbele moja kwa moja. Kama ni fupi, nusu ya jasho lake linakwenda kuisukuma reli pembeni. Na farasi wawili wakipangwa mmoja mbele ya mwingine badala ya bega kwa bega, njia ya kukanyaga inakuwa nyembamba, kwa hiyo kazi ya kuitengeneza inapungua nusu.

Kama kwenye picha kuna mtu amesimama nyuma ya kibehewa, huyo ni mtu wa breki, na mimi ningemwangalia yeye kuliko mwenye hatamu. Kibehewa cha tani mbili kikianza kushuka, farasi hawezi kukizuia, kwa sababu mnyororo unavuta tu, hausukumi. Breki ikichelewa kitampiga miguu ya nyuma. Kwenye mteremko mrefu farasi walifunguliwa kabisa, kibehewa kikaachiwa kishuke na mtu wake, nao wakafuata nyuma kwa miguu. Kutembea kandokando kulikuwa na faida hapo pia: kamba ikilegea, farasi tayari yuko nje ya njia ya magurudumu.

Sitaki wanafunzi wako waondoke wakidhani hii ilikuwa kazi ya amani. Jeshi la Uingereza peke yake lilipoteza karibu wanyama wa kazi 484,000, hasa farasi na nyumbu, katika vita vile, wengi wao kwa uchovu, baridi na maradhi kuliko kwa makombora. Lakini angalia sababu hizo: uchovu, baridi, maradhi. Ni sababu za matope. Farasi aliyevuta relini hakuzama hadi tumboni, na alilisha mizinga mingi kuliko wenzake kumi waliokuwa matopeni. Waliokuwa na huruma kwa wanyama na waliokuwa na haraka ya makombora, safari hiyo walitaka kitu kimoja.

Tuje nyumbani, kwenye swali lako la tatu. Ndiyo, reli hizo zilikuwepo, ila aliyekuwa mbele au nyuma ya behewa hakuwa farasi.

Reli ndogo ya kusukumwa ilishaonekana Mombasa kabla ya vita. Kulikuwa na vijitoroli vya abiria vyenye kivuli juu, vilivyopita mitaani na kusukumwa na wanaume wakikimbia kwa miguu, juu ya reli iliyotokana na jaribio la Kampuni ya IBEA (Imperial British East Africa, kampuni ya Waingereza) la kuanza njia ya bara mwaka 1890. Kwa hiyo wenyeji wa pwani waliujua utaratibu huo miaka mingi kabla ya 1914.

Vita vilipoanza, Wajerumani hapa walikuwa na reli mbili zisizokutana: ile ya Usambara, Tanga hadi Moshi, na ya Kati, Dar es Salaam hadi Kigoma. Katikati yake ni mwendo wa siku nyingi wa pori. Manowari za Waingereza zilifunga bahari, kwa hiyo hawakuweza kuhamisha vitu kwa meli kutoka Tanga hadi Dar es Salaam, wala kuagiza reli Ulaya. Wakafanya kile ambacho Decauville angekitambua mara moja: waling'oa vijireli vya mashambani, vile vya kusombea mkonge na mazao mengine, wakavitandika kutoka Mombo kushuka hadi Handeni. Mabehewa yalikuwa matoroli, na walioyasukuma ni watu.

Kwa nini watu? Mbung'o. Farasi, nyumbu na ng'ombe walioingia kwenye mapori yale hawakuishi muda mrefu. Mwaka 1916 vikosi vya wapanda farasi vya Afrika Kusini, vilivyokuja na Jenerali Smuts, kamanda wa upande wa Waingereza, vilipoteza wanyama kwa maelfu, kwa ndorobo (ugonjwa unaoletwa na mbung'o) na kwa maradhi mengine ya farasi. Malori yalikwama kwenye mvua. Hivyo ugavi wa pande zote mbili ukaangukia mabegani mwa wapagazi, watu wa Carrier Corps upande wa Waingereza, walioacha jina lao Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Makumi ya maelfu yao hawakurudi. Walikufa hasa kwa kuhara, homa na njaa.

Na hapa wanafunzi warudie hesabu ya farasi, wakiweka mtu mahali pake. Mpagazi anabeba kilo 25 hivi. Anakula karibu kilo moja ya unga au mchele kwa siku. Akitembea siku 12 kwenda na 12 kurudi, kama njiani hapatikani chakula, amekula takriban mzigo wote aliopewa, na huko mbele hajafikisha chochote zaidi ya jasho lake. Majenerali walioandika maagizo kwenye ramani waliijua hesabu hiyo. Hawakuweza kuikwepa, na mara nyingi waliisawazisha kwa kupunguza posho ya mpagazi.

Ukifika Mombo siku moja na wanafunzi wako, waonyeshe upande wa kusini, njia inakoelekea Handeni. Kwenye kipande hicho watu wachache nyuma ya toroli walihamisha mzigo ambao mabegani ungehitaji msururu mrefu. Reli iliishia Handeni, na hapo mizigo ilishushwa, ikapimwa upya kwa ratili za mtu mmoja mmoja, na msururu ukaanza.